Daftari la mitishamba: namna ya kujua mapema dawa inapoanza kukudhuru

Nina duka la dawa muhimu hapa Muheza. Asubuhi nauza panadol, ORS na dawa za kikohozi. Jioni wateja walewale wananirudia na chupa ya maji iliyojaa kitu cha kahawia: "Dada, hii nikinywa na vidonge vyangu vya presha kuna tatizo?" Sina ugomvi na mitishamba. Nimekulia kwenye kivumbasi na mchaichai, na mpaka leo mafua yakinibana nachemsha tangawizi kabla sijagusa kidonge. Ninachokipinga ni kunywa bila kuweka kumbukumbu. Dawa ya hospitali ikimdhuru mtu, lipo jina, ipo namba ya toleo, yupo daktari aliyeandika. Mitishamba ikimdhuru, mara nyingi tunabaki na "nilipewa unga na mama mmoja gulioni".

Ndiyo maana kila anayeniambia anaanza dawa ya miti namwambia akanunue daftari dogo la shule na peni. Nieleze tunavyolitumia.

Anza kuandika kabla hujanywa

Watu wengi hufungua daftari wakishaumwa, na hapo limeshapoteza nusu ya faida yake. Mtu anakuja analalamika, "Tangu nianze huu unga kichwa kinanigonga." Ukimchimba taratibu, kichwa kilianza tangu mfungo wa Ramadhani, na unga ameuanza juzi. Mwingine anaapa dawa haimfanyi kitu, wakati viatu vyake vya mwezi uliopita havimwingii tena. Usipojua ulivyokuwa kabla, huwezi kujua dawa imekufanyia nini, kwa wema wala kwa ubaya.

Kwa hiyo siku tatu kabla ya kuanza, andika hali yako ya kawaida. Presha pima asubuhi kabla ya chai, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Mwenye kisukari aandike sukari ya asubuhi kabla ya kula. Kama kuna mizani jirani, andika uzito. Halafu mambo ambayo hayahitaji mashine: unakwenda choo mara ngapi, mkojo una rangi gani, unalala vipi, nini kinakuuma hata kama ni kidogo, ngozi ikoje. Ukurasa unaofuata orodhesha kila kitu kinachoingia mwilini: vidonge vya kliniki, sindano ya uzazi wa mpango, aspirini unayomeza ukichoka, chai ya kupunguza tumbo uliyoagiza mtandaoni. Watu huisahau hiyo ya mwisho kuliko zote.

Wapo ambao daftari peke yake haliwatoshi, na sipendi kuwazungusha. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au figo, mwenye kifafa, anayetumia dawa za TB, ARV au dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini: aulize kwanza kwa daktari au CTC (kliniki ya ARV) anakochukulia dawa. Mwenye ini au figo zenye shida aombe vipimo vya damu kabla, ili vya baadaye viwe na cha kulinganishwa nacho. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, ambayo mtu mzima anajipaka bila wasiwasi, yakinyweshwa mtoto mchanga yamewahi kuleta kutapika, degedege na kupoteza fahamu. Na dawa za kuharakisha uchungu kwa mjamzito sizifundishii kujifuatilia hata kidogo. Zinaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, na ukigundua umechelewa.

Dawa yenyewe nayo iandikwe

"Mitishamba ya tumbo" si jina. Andika jina alilokutajia aliyekupa, na kama unajua linavyoitwa kwingine andika pia, maana jina moja Lushoto linaweza kuwa mti mwingine kabisa Pangani. Andika ni sehemu gani ya mti: jani, gamba, mzizi, mbegu, utomvu au mafuta. Majani ya mlonge watu wanakula kama mboga; gamba la mzizi wake ni habari nyingine, lina sumu. Andika nani kakupa, lini, mbichi au kavu, umechemsha kwa maji kiasi gani na kwa muda gani. Dawa iliyochemka saa nzima na kulala ndani ya sufuria siyo ile iliyomwagiwa maji ya moto na kuchujwa.

Kipimo ndicho kinachonitesa zaidi. "Kiganja kimoja" cha nani? Cha fundi seremala au cha binti wa kidato cha pili? Tafuta kijiko kimoja cha chai, kitumie hichohicho kila siku, na uandike kama umekisawazisha kwa kisu au umekijaza kilima. Kwa maji, tumia kikombe kimoja usichokibadilisha.

Kisha bakiza kidogo. Unga weka kwenye kifuko safi chenye tarehe, jani libane katikati ya gazeti likauke, chupa au pakiti usitupe. Likitokea la kutokea, hicho kifuko kitasema kuliko wewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye mitishamba ya Kichina walianza kuharibikiwa figo. Madaktari walipofuatilia walikuta mmea mmoja, Stephania, umebadilishwa na mwingine, Aristolochia, ambao majina yao ya Kichina yanakaribiana. Waliodhurika walizidi mia, baadhi waliishia kupandikizwa figo, na wengine walipata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Mmea wenye sumu uliingia kwa jina la mwenzake. Nani atakuhakikishia kwamba gulioni kwetu hilo halitokei?

Anza dawa moja tu kwa wakati. Ukianza mlonge, mshubiri na habat soda Jumatatu hiyohiyo, Ijumaa ukiharisha hakuna atakayejua mkosaji. Ukipewa mchanganyiko wa "miti saba", omba orodha ya hiyo saba. Asiyekubali kuitaja, mimi sinywi dawa yake.

Ukurasa mmoja nilioruhusiwa kuuonyesha

Huu ni wa mteja wangu mmoja, mzee mwenye kisukari. Ameniruhusu niunakili, ila jina lake libaki huko.

Jumatatu. Unga wa majani ya mlonge, gulioni, pakiti haina maandishi. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwenye uji, saa moja asubuhi. Glibenklamidi na metformini kama kawaida. Sukari kabla ya kula 7.8. Choo mara mbili, laini.

Jumatano. Kijiko kimoja. Sukari 6.4. Nimelala vizuri.

Alhamisi. Vijiko viwili, jirani kasema kimoja ni cha watoto. Sukari 5.1. Saa sita mchana jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa kali, maneno yananipotea. Nimepima 3.2. Mke wangu kanipa sukari vijiko vitatu kwenye maji. Baada ya robo saa 4.6. Nimekula ugali na maharage.

Ukiusoma kwa makini, kila kitu kipo. Sukari ilikuwa inashuka kabla dalili hazijaanza. Kipimo kiliongezwa kwa ushauri wa jirani. Dalili zilikuja siku hiyohiyo, na kati ya vidonge vyake glibenklamidi ndiyo inayojulikana kuangusha sukari. Mlonge nao unaweza kuishusha, kwa hiyo viwili hivyo vilisukuma upande mmoja. Bila daftari angesema jua lilimpiga shambani. Aliyapeleka maandishi kliniki, daktari akaamua mwenyewe nini kipunguzwe. Na mkewe alifanya sawasawa: sukari ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha chakula. Ila kwa anayetumia glibenklamidi sukari inaweza kuanguka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya. Akizimia au akishindwa kumeza, usimwagie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Cha kuangalia, na lini

Mzio ndio wa haraka, dakika chache mpaka saa chache: kuwashwa, vipele vya kuvimba, midomo au ulimi kujaa, kifua kubana. Tumbo hujitokeza siku hiyohiyo au ya pili. Upele wa dawa unaweza kungoja wiki moja mpaka tatu. Ini na figo hujificha zaidi, wiki hadi miezi, na ndiyo sababu daftari haliishi siku unayomaliza chupa. Endelea kuandika walau miezi miwili baadaye, hata kama ni mstari mmoja kwa wiki.

Ini likiumia, mtu hupoteza hamu ya kula, anachoka bila kazi, anasikia uzito chini ya mbavu za kulia, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka, ngozi inawasha, na weupe wa macho unageuka njano. Macho yaangalie mchana kwenye mwanga wa dirisha, taa ya ndani inadanganya. Figo hukuonya kwa mkojo kupungua au kutoa povu lisiloisha, na kuvimba miguu, au uso hasa asubuhi.

Sasa nije kwenye neno linaloharibu kazi yote hii: "inasafisha". Mtu anaharisha mara nane, muuzaji anamwambia dawa inatoa uchafu. Anatapika, inatoa nyongo. Anatoka vipele, sumu inapanda juu ya ngozi. Ukikubali maelezo hayo, hakuna dalili itakayoitwa madhara mpaka mtu aanguke. Sheria yangu dukani ni nyepesi: andika dalili kama ilivyo, usiandike maelezo yake. "Nimeharisha mara nane, kizunguzungu nikisimama." Basi. Dawa ya kulegeza choo kama sanamaki au utomvu wa mshubiri kweli itakupeleka chooni, lakini ikizidi inaondoka na maji na madini ya potasiamu, na mwenye kutumia Lasix (dawa ya kuongeza mkojo) au digoksini ya moyo, moyo wake unaweza kuanza kwenda mrama. Kuharisha zaidi ya siku moja, au kuharisha na kizunguzungu, acha dawa, anza ORS, nenda ukaonekane.

Mchanganyiko mwingine ninaoukuta mara kwa mara: kitunguu saumu kingi au tangawizi nyingi kwa mtu wa wafarini au aspirini. Cha mbogani hakina neno. Nazungumzia vikombe na vidonge vya kila siku. Aangalie fizi anapopiga mswaki, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi kama lami. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji amtajie daktari mapema, siyo akiwa ameshavaa gauni. Habat soda kwa mwenye dawa za presha: pima presha ukiwa umekaa, kisha ukisimama, kama unasikia kizunguzungu.

Halafu kuna unga unaofanya kazi mno. Dawa ya nguvu za kiume inayojibu ndani ya saa moja, ya miguu inayomaliza maumivu ya miaka kwa usiku mmoja, ya kupunguza mwili inayokata njaa kabisa. Katika nchi nyingi maabara zimekuta bidhaa za "asili tupu" zikiwa zimechanganywa na sildenafili ya nguvu za kiume, deksamethasoni (deksa, dawa kali ya kutuliza uvimbe), dawa za sukari, au sibutramini ya kukata njaa iliyoondolewa sokoni kwa kudhuru moyo. Sildenafili kwa mtu anayeweka kidonge cha moyo chini ya ulimi inaweza kumshusha presha mpaka afe. Unga wa miguu ukikuletea uso wa mviringo, njaa isiyoisha na sukari kupanda, shuku deksa. Na hiyo ndiyo dawa pekee ninayowaambia wasiikate ghafla wenyewe kama wameitumia wiki nyingi, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake. Waende hospitali na pakiti mkononi, siku hiyohiyo.

Vya kukimbilia hospitali bila kungoja kesho: kupumua kwa shida, uso au ulimi kuvimba, degedege, kuzimia, macho ya njano, kutapika damu au choo cheusi, malengelenge ya ngozi pamoja na vidonda vya mdomo au macho, mkojo kukata, na mjamzito anayetoka damu au asiyesikia mtoto akicheza. Beba daftari, beba dawa.

Kumfuatilia mzee anayesema hatumii

Swali "unatumia dawa za kienyeji?" halifai. Wazee wanalisikia kama shtaka, na wengine hawahesabu wanachokunywa kuwa dawa. Mazungumzo yangu na babu mmoja yalikwenda hivi:

"Shikamoo babu."
"Marahaba mwanangu."
"Babu, mbali na vidonge vya presha, kuna dawa ya miti unayotumia?"
"Aka, mimi mambo hayo nimeacha."
"Na chai ya asubuhi unaichemsha na nini?"
"Si majani ya mwarobaini tu. Na usiku gamba kidogo, la kusafisha damu."

Uliza chai, uliza uji, uliza cha kujipaka, cha kujifukiza, cha kulambia. Uliza kilicho kwenye chupa chini ya kitanda. Na ukishajua, usifoke. Ukifoka leo, kesho utafichwa. Hospitali pia hivyohivyo. Nawajua wauguzi wanaobeza mtu akitaja miti, na mgonjwa anajifunza kunyamaza. Nyamaza kwa mwingine, kwa anayekutibu sema.

Jambo jingine la kufuatilia kwa wazee ni vidonge vya kliniki: vinapungua? Hesabu vilivyobaki. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, walikuwemo walioacha ARV na dawa za sukari kwa kuamini wameshapona. Hapo madhara hayakuhitaji sumu yoyote ndani ya kikombe. Kwa hiyo kwenye daftari la mzee weka safu ya vidonge vya kawaida, tiki kila siku. Tiki zikikatika na presha ikapanda, usimlaumu mwarobaini.

Ukishuku

Acha mitishamba hiyo (ukiondoa kisa cha deksa nilichotaja), usiache dawa za hospitali bila kuuliza. Andika saa uliyoacha. Kisha jiulize: dalili ilianza baada ya dawa au ilikuwepo? Imepungua baada ya kuacha? Kuna sababu nyingine, malaria, chakula, kidonge kipya? Dalili ikiisha ndani ya siku chache za kuacha, shaka inakuwa nzito. Usirudie kunywa ili kuhakikisha, hasa kama kilichotokea kilikuwa mzio au ini. Mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi.

Kutoa taarifa wengi wanadhani ni kushtaki mtu. Siyo. Tanzania taarifa za madhara ya dawa zinapokelewa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyoitwa TFDA mpaka 2019, na dawa za asili zimo. Mhudumu wa afya anajaza fomu ya njano. Wewe mwananchi unaweza kumwomba akujazie, au kupiga *152*00# na kufuata menyu. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Hutakiwi kuwa na uhakika, shaka inatosha. Wanachohitaji ni mambo manne: mgonjwa ni nani kwa herufi za jina, umri na jinsia, nani anatoa taarifa, dawa gani inashukiwa, na kilichotokea. Ukiwa na daftari, fomu inajaa kwa dakika kumi. Bila daftari utaandika "unga wa kahawia" na taarifa haitamsaidia mtu. Nchi hupeleka taarifa hizi kwenye kituo cha Uppsala, Sweden, zinakokusanywa kutoka duniani kote, kwa hiyo kisa kimoja cha Muheza kinaweza kukutana na kingine cha India chenye mmea uleule.

Kisha mrudie aliyekupa dawa. Hatua hii watu huiruka, wanamsema pembeni tu. Mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ana wajibu wake, na wapo wanaosikiliza vizuri. Nenda na daftari, siyo na maneno. Mwambie kipimo ulichotumia, dawa nyingine ulizokuwa nazo, siku dalili zilipoanza. Uliza wateja wengine walipata nini, na kama alijua una kisukari alipokupa. Mmoja ninayemjua, tangu aonyeshwe ukurasa wa yule mzee, huuliza kila anayekuja: "Vidonge vya hospitali unavyo? Nivione kwanza." Aliyekupa akijibu kwamba ilikuwa inasafisha tu, nalo liandike, na tarehe.